Meza ya Fundi: Simu inayokaa na chaji

Meza yangu iko Moshi mjini, hatua chache kutoka stendi kuu, chini ya ngazi za jengo la maduka. Huu ni mwaka wa 14 naikalia. Nilianza na vitochi, kuchomelea tundu za chaji na kubadilisha vibonyezo. Siku hizi ukija asubuhi utanikuta nimeinamia simu janja iliyofunguliwa mgongo. Lalamiko ninalolisikia kuliko yote halijabadilika: "Fundi, haikai na chaji." Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na neno hilo, kwa hiyo ukurasa mzima nimeupa betri. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kama wenyewe walivyoomba.

Dada Fundi, mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni njia ya Marangu. Nikiwa huku Pasua simu yangu inakaa siku nzima bila shida. Nikifika kambi ya Kibo inazima ikiwa na asilimia 40. Nataka niiuze ninunue yenye betri kubwa. Ipi itahimili mlima? — Mpagazi, Pasua

Pole na mlima, kaka, na usiuze simu kwanza. Chaji haikuisha, betri ilishikwa na baridi. Unajua mafuta ya nazi yanavyokuwa hapa Moshi asubuhi za Julai: chupa imejaa, ukiinamisha hakitoki kitu. Betri ya lithiamu nayo ina majimaji ndani, na humo chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Baridi ikizidi safari hiyo inakuwa nzito, umeme unaotoka unapungua nguvu, na simu ikiona nguvu imeshuka chini ya kiwango inachohitaji, inajizima. Zile asilimia 40 bado zimo ndani. Ipashe joto kwapani nusu saa kisha iwashe, utaona inarudi na chaji yake karibu yote bila kuguswa na chaja.

Apple wameandika kwamba iPhone zimetengenezwa zitumike kati ya nyuzi 0 na 35. Kambi ya Kibo iko mita 4,720 na usiku maji yanaganda ndani ya chupa. Ukipanda na simu yenye betri kubwa ya 6,000 itakutana na baridi ileile, itakuvutia muda kidogo tu.

Kwa hiyo ivae. Mfuko wa ndani, karibu na mwili, chini ya jaketi, usiiweke kwenye kifuniko cha begi ulilobeba kichwani. Kuanzia kambi ya Horombo iweke hali ya ndegeni, uifungue unapotaka kupiga tu, kwa sababu kutafuta mtandao mlimani kunamaliza betri kuliko picha zote unazopiga. Usiku lala nayo, na pawabenki pia ulale nayo, maana ndani yake ni lithiamu hiyohiyo. Na hili nakuomba sana: usiichaji ikiwa baridi kama jiwe. Betri ikichajiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu inajibandika juu ya ncha ya ndani badala ya kupenya ndani yake, na uwezo unaopotea hivyo haurudi hata ukishuka Himo kwenye joto. Ipashe kwanza, ndipo uchomeke.

Kama simu ina miaka mitatu au zaidi, badilisha betri. Betri iliyochoka ndiyo ya kwanza kuangushwa na baridi, na bei ya betri haifiki popote karibu na bei ya simu.

Habari za kazi, Fundi. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu sokoni Mbuyuni. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku, na kibandani hakuna umeme. Dukani nimeonyeshwa simu tatu: moja ya betri 5,000, nyingine ya 6,000, na ya tatu ya kampuni nisiyoijua imeandikwa 8,000, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Muuzaji anasema namba kubwa ndiyo inayokaa. Ni kweli? — Mama Wakala, Mbuyuni

Mama yangu, muuzaji amekupa nusu ya habari. Namba ile ya mAh, kipimo cha chaji inayobebwa na betri, ni ukubwa wa pipa. Haikwambii wanaochota ni wangapi, wala nani amekuja na kopo na nani amekuja na ndoo. Mimi mteja akiniuliza simu inayokaa na chaji, wachotaji ndio ninaowaangalia kwanza.

Mwenye ndoo kubwa ni kioo. Mbuyuni napafahamu: jua la saa saba linaipiga meza, na mtu anapandisha mwanga wa kioo hadi mwisho ili asome namba ya mteja asikosee. Hapo ndipo chaji inapokwenda. Vioo viko vya aina mbili. LCD ina taa nyuma inayowaka muda wote, hata pale panapoonekana peusi. AMOLED kila nukta inajiwakia yenyewe, na nukta nyeusi imezimwa kabisa. Ukiwa na AMOLED ukaweka mandhari meusi, sehemu kubwa ya kioo inakuwa imelala huku unafanya kazi. Ukiwa na LCD, mandhari meusi yatakupumzisha macho, betri haitanufaika nayo. Kisha angalia herzi. Kioo cha 120 kinajichora mara 120 kwa sekunde. Ni kitamu ukipekua picha, lakini kwa kazi yako 60 inatosha, na simu nyingi zinakuruhusu kushusha kwenye mipangilio.

Mchotaji wa pili ni chipu, yaani ubongo wa simu. Wauzaji hawamtaji kabisa, nami nasikitika, kwa sababu ndiye anayetofautisha simu mbili zenye betri sawa. Chukua Samsung mbili, Galaxy A05 na Galaxy A15 ya 4G. Zote zina 5,000. A05 ina kioo cha LCD na chipu ya Helio G85 iliyotengenezwa kwa nanomita 12. A15 ina kioo cha AMOLED na Helio G99 ya nanomita 6. Nanomita zikipungua, swichi ndogondogo za ndani ya chipu ni ndogo zaidi na zinatumia umeme kidogo kwa kazi ileile. Karatasi ya dukani itaandika 5,000 na 5,000, na mnunuzi atachukua ya bei ya chini akidhani amepata kitu kilekile.

Sasa hiyo ya 8,000. Simu za kweli zenye betri ya namna hiyo zipo: Honor walitoa moja ya 8,000 huko China mwaka 2025, kwa betri za silikoni na kaboni zinazobeba umeme mwingi kwenye nafasi ndogo. Lakini teknolojia hiyo haijawa ya bei ya chini kuliko simu zote za dukani. Niruhusu nikupe kisa changu. Mwaka 2019 nilinunua betri 20 za jumla kwa msambazaji mmoja. Zilikuwa za simu ambayo betri yake halisi ni 4,000, na hizi zilichapishwa 6,000 kwa herufi za dhahabu. Niliziamini, nikawafungia watu. Wa kwanza kurudi alikuwa mzee muuza mahindi wa Kiboriloni, siku ya nne tu, simu inazima saa nane mchana. Nilitoa betri ile nikaenda nayo kwa sonara wa jirani, tukaiweka kwenye mizani ya dhahabu pamoja na betri ya zamani niliyokuwa nimeitoa. Ya zamani, iliyoandikwa 4,000, ilikuwa gramu 56. Mpya iliyoandikwa 6,000 ilikuwa gramu 38.

Nilisimama pale nikahisi mikono imekuwa baridi. Betri haiwezi kudanganya uzito, maana umeme unakaa kwenye madini na madini yana uzito. Betri ya kweli ya 5,000 inakaribia gramu 60 hadi 70. Ukikuta iliyoandikwa hivyo ina gramu 40, sehemu ya namba hiyo ni wino. Niliwarudishia watu wote niliowafungia, ilinichukua miezi miwili kumaliza. Wiki iliyofuata nilinunua mizani yangu mwenyewe, ipo mezani hadi leo, na mteja yeyote anaruhusiwa kupima betri kabla sijaifunga.

Simu nzima huwezi kuifungua dukani, lakini kuna unayoweza kufanya ukiwa umesimama palepale. Bonyeza *#06#, namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itokee, itume kwa ujumbe kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Jibu litakutajia aina ya simu. Likitaja aina tofauti na iliyo mkononi mwako, rudisha simu mezani uondoke. Tunaokumbuka tarehe 16 Juni 2016, simu feki zilipozimwa nchi nzima, tuliona watu wanavyoumia. Baada ya hapo tafuta jina kamili la toleo kwenye intaneti uangalie mambo matatu: aina ya kioo, jina la chipu na nanomita zake. Na kama toleo hilo linauzwa Ulaya, kuna msaada mkubwa. Tangu tarehe 20 Juni 2025 simu mpya zinazoingia sokoni huko lazima ziwe na kibandiko kinachoonyesha saa ngapi simu inakaa kwa chaji moja, na mizunguko mingapi ya chaji betri inahimili kabla haijashuka hadi asilimia 80. Sheria yao inadai isipungue mizunguko 800. Saa na dakika, mama, ndicho kitu unachokitafuta.

Mimi ningechukua ya 5,000 yenye AMOLED na chipu ya nanomita 6 au chini yake, nikaiacha ya 6,000 yenye chipu ya zamani. Kama hiyo ya 6,000 nayo ina chipu nzuri, basi ndiyo, chukua pipa kubwa.

Ila kuna neno moja zaidi na ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Laini ya uwakala usiiweke kwenye simu janja. Iweke kwenye kitochi. Menyu za kutoa na kuweka pesa zinafanya kazi vilevile, kioo ni kidogo, hakuna intaneti inayochota kimyakimya, na betri ya kitochi ya kama 1,000 tu inakupeleka siku kadhaa. Simu janja ikizima saa kumi utakosa WhatsApp. Laini ya kazi ikizima saa kumi, ambayo ndiyo saa watu wanatoka kazini, umefunga duka.

Fundi, nimenunua iPhone XR ya mtumba Arusha. Kwenye hali ya betri inaonyesha asilimia 100, nikafurahi. Lakini kufika saa tisa imeisha, na natumia Instagram na muziki tu. — Mwanafunzi, Ngarenaro

Mdogo wangu, XR ilitoka mwaka 2018. Simu ya umri huo kuonyesha 100 maana yake betri imebadilishwa, au namba imechezewa. Kabla hujalipa ungefungua sehemu ya betri kwenye mipangilio usome maneno yaliyo juu ya hiyo asilimia. Kuanzia XR na XS, simu inaandika ujumbe ikiwa haikuweza kuthibitisha kwamba betri ni halisi ya Apple. Ujumbe huo hauna maana kwamba betri ni mbovu, wapo mafundi wanaofunga betri nzuri za kampuni nyingine, ila unakwambia usiitegemee hiyo 100.

Hata ikiwa mpya kabisa, betri ya XR ni 2,942, na kioo chake ni LCD. Instagram inawasha kioo, intaneti na spika kwa pamoja. Kufika saa tisa kwa matumizi hayo hakunishangazi. Tafuta fundi atakayekufungia betri mbele ya macho yako, na ukinunua mtumba mwingine, nunua huku ukijua betri utabadilisha, uitoe bei yake kwenye mazungumzo.

Mambo vipi sista Fundi. Naendesha boda Arusha, kijiwe chetu kiko Sakina. Simu naiweka kwenye usukani kwa ajili ya ramani na kupokea wateja, naichaji hapohapo kwa umeme wa pikipiki, lakini chaji haipandi, mara inashuka. Jioni ni ya moto huwezi kuishika. Wenzangu wanasema ninunue zile simu ngumu za betri 10,000. — Dereva wa boda, Sakina

Poa kaka. Hizo simu ngumu zipo, hata za zaidi ya 20,000 zipo, na kubwa kabisa zinapita nusu kilo. Mfukoni ni tofali, na kwenye usukani zitalegeza kishikio chako kila ukishuka barabara ya vumbi.

Kinachokusumbua ni joto. Jiweke mahali pa simu: jua la saa sita limeipiga mgongoni, kioo kimewashwa mwanga wote, setilaiti inatafutwa, data iko hewani, na juu ya hayo umeiingizia umeme. Betri ikizidi joto simu yenyewe inapunguza kasi ya chaji au inaikatalia, kwa kujilinda. Ndiyo maana haipandi. Na joto hilo kila siku linaizeesha betri haraka, kwa hiyo hata ukinunua ya 10,000 nayo itachoka kabla ya wakati wake.

Chaji ukiwa kijiweni chini ya mti, kioo kimezimwa. Ukipata abiria, soma njia mara moja, washa sauti ya ramani, zima kioo. Njia za Kijenge na Njiro unazijua usiku na mchana, ramani ya nini? Iwashe kwa mitaa migeni tu. Abiria akishuka, toa simu juani. Kava nene la mpira livue mchana, linafunika joto kama blanketi. Na kichaji cha pikipiki nunua kizuri: umeme wa pikipiki ni volti 12 na unayumba kila ukivuta mafuta, kazi ya kile kifaa ni kuushusha hadi 5 bila kuyumba, na cha bei ya kutupa hakiwezi. Nimeshafungua simu nyingi za madereva wa boda zilizoungua aisii ya chaji, yaani kile kichipu kinachosimamia chaji, kwa sababu hiyo.

Ukitaka simu mpya, iwe na chipu isiyopata moto, ile habari ya nanomita niliyomweleza Mama Wakala hapo juu. Na kama ni simu ya kamera ghali, usiifunge kwenye usukani. Apple walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtetemo wa pikipiki unaweza kuharibu kamera zenye kifaa cha kutuliza picha.

Shikamoo Dada Fundi. Mama yetu ana miaka 71, yuko Kibosho. Krismasi tuliporudi nyumbani tulimnunulia simu janja mpya ya betri 5,000 ili tumwone kwa video. Saa sita mchana imeshazima, na yeye hata haigusi. Tulimpelekea fundi akabadilisha betri, ikawa vilevile. Kaka anasema tuirudishe dukani. — Binti wa Kibosho, Njiro, Arusha

Marahaba mwanangu. Barua yako ilinikuta Ijumaa, na Jumapili nilikuwa na kipaimara Kibosho, kwa hiyo nilipita kwa mama baada ya misa, kama tulivyokubaliana kwa simu. Alinipokea na mtori, nikala kwanza ndipo akaenda kuleta simu. Ilikuwa ndani ya kabati la vyombo, imefungwa kitambaa cha kusokotwa isije ikakwaruzika. Ilikuwa saa tano, imebaki asilimia 23, na yeye aliitoa kwenye chaja alfajiri.

Nyumba yenu iko bondeni, migomba pande zote, na korongo la mto nyuma. Niliingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini. Pale kuna namba ya nguvu ya mtandao yenye alama ya kutoa mbele yake. Ndani ya kabati ilisoma −117. Nikapanda na simu hadi kwenye mparachichi ulio juu karibu na barabara, ikasoma −97. Wasomaji wangu, namba hizo hazihesabiwi kama shilingi: kila tofauti ya 10 ni mara kumi. Kwa hiyo pale mparachichini mawimbi yalikuwa na nguvu mara mia ya yale ya kabatini. Simu ikiwa bondeni inafanya kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo, anapaza sauti kwa nguvu zake zote, asiposikiwa anarudia, na anarudia mchana kutwa. Mama haigusi, lakini yenyewe haijapumzika.

Nikafungua matumizi ya betri. Kwenye orodha kioo kilikuwa chini kabisa. Juu ilikaa mtandao wa simu. Ndipo nikaona laini ziko mbili. Ya pili ni ile mliyopewa bure mliponunua simu, ya kampuni ambayo huko bondeni haisomi kabisa. Haikuwa na hata baa moja, na simu ilikuwa inaitafuta tangu Krismasi. Niliitoa, nikamwonyesha mama kile kikadi kidogo kwenye kiganja. Akakitazama sana, akasema, "Kumbe ilikuwa inamwita mtu asiyekuwepo."

Nilifanya mengine mawili. Kundi la ukoo lilikuwa linashusha video zenyewe, za vipaimara na harusi za Desemba nzima, kwa mtandao ule dhaifu. Nikazima kupakua bila kuulizwa. Na picha zilikuwa zinajaribu kujihifadhi mtandaoni kila saa na kushindwa. Nikazima hilo pia. Kisha tukaitafutia simu makazi. Dirisha la sebule linalotazama barabara lilisoma −104, tukatengeneza kijisehemu pale juu ya kitambaa chake kilekile. Video atapiga akiwa mparachichini, tumeweka na kigoda.

Jumatatu saa moja jioni mama alinipigia kwa video mwenyewe, nikamwuliza asilimia. Alihangaika kidogo kuisoma pale juu, halafu akanitajia 58. Mwambie kaka yako simu haina kosa, na betri ile ya kwanza fundi aliyoitoa haikuwa na kosa pia. Ukimnunulia mzazi simu ya kijijini, uliza kwanza majirani wanatumia laini gani hapohapo nyumbani kwake, weka hiyo moja tu, na tundu la pili uliache wazi.

Fundi, kuchaji usiku kucha kunaua betri? Nauliza kwa sababu mgongo wa simu yangu umeanza kuinuka pembeni, ila bado inafanya kazi. Nataka niivute hadi mwisho wa mwezi nikipata mshahara. — Mwalimu, Himo

Mwalimu, usiivute hata hadi kesho. Mgongo unaoinuka ni betri iliyovimba: ndani imetoa gesi na imejaa kama puto. Izime sasa, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiitoboe kwa sindano kama wengine wanavyofanya, na isilale chumba kimoja na watoto. Ikitobolewa inaweza kuwaka, na moto wake maji ya kikombe hayauwezi.

Kuchaji usiku kucha peke yake hakukuivimbisha. Simu ikijaa inakata umeme yenyewe. Kinachoumiza ni joto, simu iliyochajiwa chini ya mto au ndani ya godoro, na kukaa imejaa pomoni saa nyingi kila siku. Simu mpya nyingi zina sehemu ya kuzuia chaji isipite asilimia 80; betri mpya ukishafunga, iwashe hiyo.

Hilo la mshahara lisikuzuie. Weka simu kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, panda gari uje nayo Moshi hivyohivyo. Betri nitaitoa siku hiyohiyo, ndoo ya mchanga ninayo kando ya meza, na malipo tutaongea mwezi ukiisha.